Tumefunga, Tuna Msiba

Mtaani kwetu Mbagala mwenye duka anaruhusiwa kufunga siku ya kazi kwa sababu moja tu, kufiwa. Andika kwa chaki mlangoni "Tuna msiba" na hakuna atakayehoji. Wateja watapita, watasoma, watasikitika. Wengine watatuma rambirambi kwa simu, na ukirudi watakuja kukupa pole, kisha wanunue kiberiti. Lakini hebu andika "Tumepumzika, tutarudi Jumatatu" uone. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima umeshajua kwamba umefilisika. Anayekudai anapiga simu. Mwenye nyumba anapita mbele ya fremu taratibu, akihesabu miezi ya kodi iliyobaki. Na yule mama unayemkopesha unga kila tarehe kumi na tano ameshahamia duka la kona, tena na deni lako.

Matokeo yake tunaua watu. Tunaye mwenzetu wa vifaa vya umeme ambaye shangazi yake wa Tanga hufariki karibu kila mwaka ifikapo mwezi wa nane. Anafunga siku nne, anarudi kanawiri, anapokea pole kwa uso wa huzuni. Sisi majirani tunajua, na shangazi mwenyewe anajua, kwa sababu ndiye anayempikia samaki. Hatumlaumu. Tunachouliza ni kwa nini mtu mzima mwenye leseni ya biashara, aliyelipa kodi yake, ada ya taka na hela ya ulinzi shirikishi, hawezi kusema kwa mdomo wake kwamba amechoka.

Tunaosema haya ni sisi wa fremu moja moja: wenye maduka ya vyakula, wa saluni, mafundi cherehani, vinyozi, mama lishe, wa magenge ya nyanya, mawakala wa kutuma na kutoa pesa. Kwetu hakuna idara ya utumishi wala meneja, na hakuna wa kumwambia mteja, "Leo bosi hayupo, jaza fomu." Bosi asipokuwepo, ofisi haipo.

Sheria tunaifahamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, zenye malipo. Ni sheria nzuri na hatuna ugomvi nayo, isipokuwa ukiisoma ukiwa umekaa nyuma ya kaunta unagundua kwamba wewe ndiye mwajiri. Yaani binti anayekusaidia kupima sukari ana siku 28 kwako, na wewe una sifuri kwa mtu yeyote. Hakuna kifungu kinachosema mwenye genge akalalamike wapi akijinyima likizo mwenyewe.

Majirani zetu walimu ndio hutuumiza roho zaidi, ingawa ni wateja wazuri. Mtumishi wa umma, pamoja na likizo yenyewe, ana haki ya kulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Mara nyingi hela hiyo huchelewa, nao huja kulalamika kwetu, wakiegemea kaunta na soda mkononi. Tunawasikiliza na kuwapa pole. Lakini ndani ya mioyo yetu tunasema heri yako wewe unayedai. Sisi hatujawahi hata kumdai mtu yeyote siku moja ya kupumzika.

Halafu kuna hili la kalenda. Wakati watu wengine wanapumzika ndio wakati sisi tunavuna. Januari ni sare, madaftari na viatu vyeusi. Ramadhani ni tambi, tende, ngano na sukari, na fundi cherehani hapati usingizi hadi mwezi uandame, maana kila mteja alileta kitambaa jana na anataka nguo keshokutwa. Juni shule zinafungwa, watoto wako nyumbani, na mtoto aliyeko nyumbani hufika dukani mara saba kwa siku. Desemba, usiseme. Wasusi huanza alfajiri na kumaliza usiku wa manane, vidole vimekakamaa, kwa sababu hakuna anayetaka kufika kijijini kwao na kichwa cha Novemba. Kwa hiyo tunawafungia watu mizigo ya safari, tunawasuka kwa ajili ya safari, tunawatolea hela za safari, tunawatakia safari njema. Februari ikifika mtaa umetulia, wateja hawana hela, na ungeweza kabisa kufunga wiki nzima bila kukosa kitu. Ila na wewe hela yako imekwenda kwenye ada ya shule. Nafasi ipo, nauli haipo.

Wapo wanaodhani tatizo letu ni umaskini. Si kweli, au si kweli yote. Kwenda kupumzika hakuhitaji hoteli. Wengi wetu tuna kwetu, tuna mama anayetaka kutuona kabla hajazeeka zaidi. Tangazo la "Mtanzania tembelea hifadhi zako" nalo tunalisikia redioni kila siku tukiwa tunapima mchele, na kiingilio cha raia hakishindi bei ya ndoo ya mafuta ya kupikia. Mabasi sasa yanatembea usiku na mchana tangu Oktoba 2023. Treni ya umeme inakufikisha Dodoma kabla hujamaliza kusimulia matatizo yako. Njia zipo. Kinachotushinda ni funguo.

Funguo unamwachia nani? Hapo ndipo maneno yanapokwisha.

Ukimwachia ndugu, atachukua kwa sababu ni ndugu. Hataiba, hapana, neno hilo halitumiki katika ukoo. Atakula soda moja, atampa rafiki yake sigara mbili, atamkopesha shemeji debe la unga kwa sababu shemeji si mtu wa kukataliwa, na ukirudi ukiuliza utaambiwa umebadilika tangu upate hela. Ukimwachia kijana wa kuajiriwa, atajitahidi, lakini hajui nani wa kukopeshwa na nani wa kuambiwa unga umekwisha wakati gunia liko nyuma yake. Daftari la madeni tunalo. Mali bila daftari hupotea bila habari, tumeambiwa hivyo tangu utotoni. Lakini nusu ya daftari iko kichwani. "Baba Neema 3,500" inaeleweka na mtu mmoja tu duniani, kwa kuwa mtaani kuna baba Neema wanne.

Wakala ndiye mwenye mtihani mkubwa kuliko wote. Kazi yake yote iko ndani ya namba ya siri. Akisafiri bila kuiacha, kibanda ni sanduku la mbao lenye bango. Akiiacha, ameacha mtaji wote kwenye kumbukumbu ya mtoto wa mjomba. Tumeona wenzetu wakikaa kwenye harusi ya dada zao, mbele kabisa na shati la kitenge, wakiwa wameinamia simu wakihamisha floti. Picha za harusi zinapotoka, wao ni utosi tu.

Na wenye magenge tuwaache kwanza, kwa sababu nyanya haisikilizi hoja. Ukiziacha Jumatatu, Alhamisi unafagia. Mwenye bucha naye ni hivyo hivyo, na mwenye mtindi, na yeyote ambaye friji lake linakula umeme wa LUKU hata kama yeye yuko Bagamoyo anatazama bahari.

Hata anayefanikiwa kuondoka haondoki. Simu inalia. "Bosi, sabuni ya mche ni bei gani?" Unajibu. "Bosi, gari la soda limekuja, wanataka kreti tupu, ziko wapi?" Unaeleza. "Bosi, kuna mzee anasema ulimwambia aje achukue mchele kilo tano." Hapo unakaa kimya kidogo, unajaribu kukumbuka mzee gani, huku mama yako mzazi amekushikia bakuli la ndizi na nyama anakusubiri umalize. Ukizima simu, ni mbaya zaidi. Unaanza kujipigia hesabu mwenyewe kichwani: sasa hivi saa moja jioni, sasa watoto wanatoka kununua mkate, sasa foleni, sasa kijana kazidiwa, sasa mtu anaingiza mkono kwenye kapu la mayai. Utamaliza siku tatu za mapumziko ukiwa umeuza duka zima akilini, tena kwa hasara.

Haki ya Mungu, tuseme pia upande wa pili, maana vijana wetu wa dukani husoma nao. Tunapolalamika kwamba kijana alikula mtaji, mara chache tunaongeza kwamba kijana huyo analala kwenye godoro nyuma ya magunia, anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa nne usiku, na kima cha chini cha mshahara hatukukitazama siku tulipomchukua kwao. Zile siku 28 za sheria tunamwambia atazipata biashara ikikaa vizuri. Mwenye duka hana likizo kwa sababu hamwamini kijana, na kijana hana sababu ya kuaminika kwa sababu hana likizo, hana mkataba na hana kesho. Tunajua kwamba tumeufunga mkia wetu wenyewe. Lakini mtu mwenye mauzo ya kubahatisha atalipaje mishahara ya watu wawili ili mmoja apumzike?

Hasa ukizingatia marejesho. Mkopo wa kikundi unarejeshwa kila wiki, na siku ya marejesho ni siku ya marejesho hata kama umelazwa. Ile mingine tunayoiita kausha damu inahesabu kwa siku. Mkopeshaji wa kausha damu haulizi kama ulifungua, anauliza hela. Mwenye fremu alishachukua kodi ya miezi sita mbele, kwa hiyo kila siku mlango ukiwa umefungwa unalipia ukuta. Mamlaka ya mapato nayo inakadiria mwaka mzima na kukugawia awamu nne, Machi, Juni, Septemba, Desemba, na hakuna kisanduku kwenye karatasi zao cha kujaza kwamba wiki mbili ulikuwa kwa wakwe. Ukiyajumlisha hayo yote utaona kwamba gharama ya likizo ya mtu kama sisi si nauli na chakula. Ni nauli, chakula, na siku zote ambazo wengine wanaendelea kula kwenye sahani yako ukiwa haupo.

Wenzetu wanawake wanacheka tukifika hapa, cheko la mdomo mmoja. Wanasema nyinyi mnalilia kwenda kutembea, sisi hata kuzaa tunazalia kazini. Mwajiriwa akijifungua sheria inampa siku 84, na akijaliwa mapacha 100. Muuza maandazi akijifungua anapewa na mtaa siku chache za supu na pongezi. Wiki ya tatu wateja wanaanza kupita mlangoni kumjulia hali kwa namna ambayo kila mtu anaielewa: "Hongera mama, mtoto hajambo? Na chai lini?" Wengi tumewaona wamerudi jikoni kabla ya arobaini, mtoto mgongoni, moshi machoni, kwa kuwa mwingine ameshatandika meza yake ng'ambo ya barabara na maandazi yake, kusema ukweli, si mabaya. Mama lishe mmoja alituambia likizo yake ndefu kuliko zote katika maisha ilikuwa ile ya kulazwa wodini, na kwamba hata huko alikuwa akiwakopesha wauguzi. Hatukujua kama tucheke.

Ukiwaambia haya wale wahamasishaji wa mitandaoni wenye suti za buluu, wanakujibu kwa huruma kwamba hukujenga mfumo. Biashara isiyoweza kwenda bila wewe si biashara, wanasema, ni ajira uliyojiajiri. Ajiri meneja, weka kamera, gawa majukumu. Sawa. Tunangoja wa kwanza kati yao aje aweke meneja kwenye banda la chipsi. Huyo meneja atalala wapi, kwenye karai?

Sasa, kuna watu mtaani humu humu ambao likizo wanakwenda, na si kwa kuua shangazi. Ni Wachaga. Desemba ikishika katikati, Mangi, kama tunavyomwita Mchaga mwenye duka, anafunga. Anafunga bila haya. Anakuambia wiki mbili kabla, anakusanya madeni yake, anauza mpaka rafu zinabaki na vumbi, anapakia watoto na mafuta ya kupikia, huyo Mbezi kwa Magufuli kwenye mabasi, au kwenye treni ya Moshi iliyorudishwa mwishoni mwa 2019. Nauli hupandishwa, LATRA, wasimamizi wa usafiri, hukemea, wao wanakwenda tu. Na hakuna anayesema Mangi kafilisika. Tunanung'unika kwamba mtaa umekuwa jangwa, tunatembea mbali kutafuta chumvi, tunatunga mzaha kuhusu wao, na Januari tunarudi kwake kama kawaida, na daftari linaendelea pale lilipoishia.

Kwa nini yeye anasamehewa na sisi hapana? Tumelijadili sana hili kwenye benchi la kinyozi. Wengine wakasema ni hela. Si hela, kwa sababu Mangi wa kwetu ana fremu sawa na ya jirani yake na rafu pungufu. Jibu tulilolikubali ni kwamba Mangi haendi peke yake. Wanakwenda wote. Mteja akitaka kumhama, ahamie kwa nani, na yule wa mtaa wa pili naye yuko kwao Rombo? Tena siku zenyewe zinajulikana, hakuna anayeshtuka. Mabohora wenye maduka ya vifaa mjini nao ni hivyo. Muharram ikiingia hufunga siku zile za mwanzo mpaka Ashura ipite, wakaenda kusikiliza mawaidha, na mwenye kutaka misumari husubiri. Anasubiri kwa adabu kabisa, yule yule ambaye kwetu asipokuta kiberiti ndani ya dakika mbili anatukana.

Mtu mmoja akipumzika ni mvivu. Wakipumzika wote ni mila. Na sisi tuliobaki, wa makabila mia na ushee tuliochanganyika Mbagala, hatuna mila ya kutufungia duka.

Tunajua pia kwamba wafanyabiashara wanaweza kufunga pamoja wakitaka. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa kwa siku kadhaa mpaka Waziri Mkuu akaenda kuzungumza nao Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena, na miji mingine ikafuata. Ile ilikuwa hasira ya kodi na bughudha, haikuwa mapumziko. Lakini baadhi yetu tuliokuwa na mizigo kule tunakiri kwamba siku ya pili ya mgomo tulilala mchana, na usingizi ule tunaukumbuka. Serikali nayo ilivyotusikia, mwanzoni mwa 2025 Kariakoo kukazinduliwa biashara ya saa 24. Tuliomba kupumua, tukaongezewa usiku.

Ndipo tukasema basi, tujifanyie wenyewe. Kikao kikaitwa, uani kwa fundi cherehani, hoja moja: mtaa wetu uchague wiki moja kwa mwaka, tufunge wote. Wa sare akasema mwezi wowote isipokuwa Januari. Fundi akasema wowote isipokuwa Ramadhani na kabla ya Idi kubwa. Wasusi wakaifuta Desemba kabla hatujaitaja. Mwenye genge akasema mwezi wowote ni sawa, mradi mtu amweleze nyanya watazila akina nani. Ikabaki Februari, na wakala, aliyekuwa kimya muda wote ameinamia simu, akauliza nauli ya Februari inatoka wapi. Tukahamia kwenye hoja ya zamu: wiki hii upande wa msikitini unafunga, wa barabarani unahudumia, wiki ijayo tunabadilishana. Ikaungwa mkono kwa makofi mpaka mama wa vyombo alipouliza, je, wateja wa upande wetu wakizoea kule? Na madeni yatalipwa kwa nani? Na yule wa duka la kona, ambaye hayuko upande wowote?

Tukaafikiana kwamba katibu, ambaye ni kinyozi, aandike mapendekezo yote vizuri na kuyaleta kwenye kikao cha pili, Jumamosi iliyofuata saa kumi jioni. Tulikuja wachache. Katibu hakufika. Jumamosi jioni ndiyo vichwa vyenyewe, na hakupata wa kumwachia mashine.